Picha Safi

Katika nyumba ya marehemu kaka yangu, hapa Kondoa mjini, limo sanduku la bati lenye kufuli lisilofungwa. Ndani yake mna cheti cha ndoa, karatasi za shamba, kofia mbili zilizotarizwa kwa mkono, na bahasha kubwa ya kaki iliyokunjika pembe. Bahasha hiyo ina filamu moja ya eksirei ya kifua. Ukiiinua mbele ya dirisha wakati wa asubuhi utaziona mbavu zimejipanga mithili ya mapao ya paa, moyo umejiegemeza upande wa kushoto, na mapafu mawili meusi yametulia kila moja mahali pake. Hapana doa lionekanalo kwa jicho la mtu kama mimi. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi zaidi kuliko nilivyopata kulirudia shairi langu lolote, na kila nikiirudisha bahashani hujiuliza swali lile lile: siku ile nilisoma nini?

Kaka yangu alichimba tanzanite kule Mererani kwa miaka mingi. Tangu vito hivyo vilipogunduliwa mwaka 1967, vijana wa bara hili la kati wamekuwa wakiyaacha mashamba yao ya mtama na uwele, ambayo mvua huyapa mwaka huu na kuyanyima mwaka ujao, wakaenda kujaribu bahati chini ya ardhi. Kule chini mwamba hutobolewa na kulipuliwa, na vumbi lake lina silika, kitu ambacho shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilikiorodhesha mwaka 1997 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi hilo hilo hukitayarisha kifua kupokea kifua kikuu. Kaka alirudi nyumbani akiwa na mtaji wa duka dogo, mazoea ya sigara aliyoyapata huko, na kikohozi.

Haukupita muda, ukatangazwa upimaji wa kifua kikuu, naye akaenda na wenzake. Akapigwa picha, akapewa bahasha na karatasi yenye majibu. Jioni akaja kwangu. Wakati huo nilikwisha kujulikana mtaani kuwa ni mtu wa lugha. Shule sikuipata ndefu. Kiingereza nilikiokota katika kamusi iliyochanika jalada, kwa taa ya chemli, na tafsiri ndiyo iliyonilisha kwa miaka mingi kuliko ushairi. Barua za mahakama, vyeti, maelezo ya dawa za mifugo, vyote hupita mikononi mwangu. Akanikabidhi karatasi, akasema, "Mdogo wangu, nisomee."

Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema kwamba katika picha hiyo hazikuonekana dalili za kifua kikuu kilicho hai. Wa pili ulisema kwamba kikohozi kikiendelea, mgonjwa afanyiwe uchunguzi zaidi. Niliisoma yote miwili kimya. Kisha nikamtazama usoni, nikaona namna alivyokuwa akiningoja, na ile tabia ya mshairi ya kutaka kusema mengi kwa machache ikaniponyoka. Nikasema, "Kaka, mapafu yako ni safi."

Aliyeandika karatasi ile hakukosea hata neno moja. Mkosaji ni mfasiri.

Neno "safi" alilichukua kaka kama hirizi. Kwa miezi kumi na mmoja alikohoa nalo. Shemeji alipomwambia arudi hospitali, alijibu kwamba picha imekwisha kusomwa, na aliyeisoma ni mtu asiyebabaisha. Alipoanza kupungua mwili, alisema ni mfungo. Mfungo ulipokwisha na mwili haukurudi, alisema ni uzee. Ilipotoka damu ndipo tulipompakia garini kwenda Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 160, na huko akaingizwa katika mashine ya siti-skani, ile ipigayo picha nyingi za mwili vipande vipande kama mtu akataye mkate. Uvimbe ulikuwa nyuma ya kivuli cha moyo. Kikachukuliwa kinyama kidogo kupelekwa maabara, na jina la maradhi likarudi: saratani ya pafu, nayo ilikwisha kuhamia kwenye ini na mifupa. Alifariki mwaka 2019, kabla ya mvua za masika.

Baada ya arubaini nilianza kusoma. Nilikuwa na swali moja tu, na nadhani kila aliyefiwa kwa njia hii analo: laiti angepigwa picha kila mwaka tangu alipokuwa Mererani, angelikuwa hai? Nilidhani jibu lingekuwa rahisi, nami ningejihukumu nalo. Nikakuta kwamba dunia ilikwisha kuliuliza swali hilo kwa makini, kwa makumi ya miaka, na jibu lake silo nililolitarajia.

Msomaji aniruhusu nirudi nyuma kidogo. Mnamo Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi isiyoonekana, ipenyayo nyama na kuzuiwa na mfupa. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe, mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete. Kwa kuwa hakujua mionzi hiyo ni kitu gani, aliipa herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kisichojulikana. Jina hilo tumelirithi nasi, na mimi nililitamka maisha yangu yote bila ya kukumbuka kwamba ndani yake mna ungamo la kutojua.

Eksirei ya kifua ilipata sifa yake kubwa kwa kupambana na kifua kikuu. Mwaka 1936 daktari Manuel de Abreu wa Brazili alibuni namna ya kupiga picha ndogo za kifua kwa haraka na kwa gharama nafuu, hata umati wa watu ukaweza kupitishwa mbele ya mashine kwa siku moja. Mjini Glasgow mwaka 1957 walipigwa picha watu zaidi ya 700,000 ndani ya wiki tano. Kazi hiyo haijaisha. Hapa kwetu yako magari yanayozunguka yakiwa na mashine za eksirei kuwatafuta wenye kifua kikuu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumiwa kuzisoma picha hizo katika kuwatafuta wagonjwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa maradhi hayo, eksirei ni rafiki wa kweli. Ilikuwa haki, basi, watu waulize: mashine iwafichuayo wenye kifua kikuu, kwa nini isiwafichue wenye saratani ingali changa?

Kaskazini mwa London, katika miaka ya 1960, wanaume 55,034 waliopita umri wa miaka 40 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipigwa picha kila miezi sita kwa miaka mitatu, na la pili mwanzoni na mwishoni tu. Majibu yalipotolewa mwaka 1968, vifo vya saratani ya mapafu havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa.

Katika kliniki ya Mayo huko Minnesota, Marekani, kuanzia mwaka 1971, walichukuliwa wanaume 9,211 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara. Nusu yao walipigwa picha na kupimwa makohozi kila miezi minne kwa miaka sita. Wengine walipewa nasaha tu ya kwenda kupimwa kila mwaka. Waliofuatwa kwa karibu walionekana na saratani 206, na wenzao 160. Kwa hiyo mashine ilikuwa ikiona. Lakini ilipofika zamu ya kuhesabu makaburi, waliokufa kwa saratani hiyo katika kundi la kwanza walikuwa 122, na katika la pili 115.

Wengine walisema watu hao ni wachache mno. Kuanzia mwaka 1993, Marekani iliwaandikisha wanaume na wanawake 154,901 wenye umri wa miaka 55 hadi 74. Nusu yao waliitwa kupigwa picha ya kifua kila mwaka kwa muda wa hadi miaka minne, na nusu waliachwa na matibabu yao ya kawaida. Majibu yalitoka mwaka 2011, baada ya kuwafuatilia kwa miaka 13. Waliokufa kwa saratani ya mapafu miongoni mwa walioitwa walikuwa 1,213, na miongoni mwa wasioitwa 1,230. Katika bahari ya watu wote wale, tofauti ya watu 17 ni povu la wimbi.

Nilikaa na hesabu hizo usiku mwingi. Iweje mtu aonekane na saratani mapema, kisha afe siku ile ile ambayo angekufa asingeonekana? Nikaja kufahamu kwa mfano wa basi. Liko basi litokalo Arusha kwenda Dodoma. Mtu aliyeko Bereko, juu kule mpakani, huliona kabla ya mtu aliyeko Kondoa. Akimpigia simu ndugu yake wa Kondoa kumwambia kwamba basi limepita, huyo ndugu atakuwa na habari ya basi kwa muda mrefu kuliko jirani yake asiyepigiwa simu. Lakini basi halitachelewa hata dakika moja kwa sababu ya simu ile. Ukihesabu tangu siku ya kujua mpaka siku ya kufa, aliyejua mapema ataonekana ameishi zaidi na saratani yake. Alichoongezewa ni miaka ya kujua, si miaka ya kuishi. Kwa hiyo ndipo wataalamu wanapokataa kuusifu uchunguzi kwa urefu wa maisha baada ya kugunduliwa, wakahesabu vifo tu.

Iko na sababu ya pili. Apitaye barazani mara moja kwa mwaka huwakuta wazee walioketi, si vijana wapitao mbio. Picha ya kila mwaka huikuta zaidi saratani iendayo polepole, ambayo pengine isingemuua mwenyewe kabla ya ajali nyingine. Ile kali huanza na kuenea katikati ya picha na picha. Tena eksirei hukilaza kifua kizima juu ya karatasi moja, mbavu juu ya pafu, pafu juu ya moyo, na uvimbe ulio mdogo, au uliojificha nyuma ya moyo au chini ya mtulinga, hupita bila ya kuonekana. Ukionekana, mara nyingi umekwisha kuwa mkubwa.

Mashine ya kukata vipande ilileta habari tofauti. Kati ya mwaka 2002 na 2004 Marekani ilianza kuwapima watu 53,454, wavutaji na waliowahi kuvuta sigara kwa wingi, nusu kwa siti-skani ya mionzi michache na nusu kwa eksirei ya kifua, mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba waliopita katika siti-skani walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20. Ilibidi kuwapima watu 320 hivi ili mmoja aokolewe. Mwaka 2020 utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uliunga mkono habari hiyo. Tangu hapo, nchi kadhaa zenye uwezo zimeiacha eksirei katika kazi hii, zikashika siti-skani kwa watu maalumu wenye historia nzito ya sigara.

Nami nisije nikamfanya msomaji akimbilie mashine hiyo kama nilivyomkimbiza kaka kwenye neno. Katika utafiti ule, kila vipimo vinne vya siti-skani, kimoja hivi kilitia shaka. Na katika kila shaka 100, kama 96 hazikuwa saratani. Hayo yalikuwa Marekani, ambako kifua kikuu ni nadra. Kwetu sisi vifua vingi vina makovu ya zamani, na kovu katika picha huweza kujifanya saratani, kama saratani iwezavyo kujifanya kifua kikuu hata mtu akanyweshwa dawa miezi isiyo na faida. Kila shaka ina nauli yake, ina siku zake za kulala kwa ndugu mjini, na wakati mwingine ina sindano ya kifuani. Chekeche lenye tundu ndogo mno hukamata na changarawe.

Wala ubora wa uchunguzi hauko katika ukubwa wa chombo. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, hutafutwa katika vituo vyetu kwa kupaka siki iliyozimuliwa na kutazama kwa jicho sehemu iliyogeuka nyeupe. Utafiti mkubwa wa Mumbai, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba njia hiyo ya siki ilipunguza vifo kwa asilimia 31. Pamba na siki viliokoa. Mashine ya umeme kwa saratani ya pafu haikuokoa. Kwa hakika mimi ninayependa kushangaa nilishangaa.

Naam, niseme kweli. Nilipozimaliza hesabu hizo kwa mara ya kwanza, moyo wangu ulipoa. Nilizipokea kama hati ya kuachiwa huru. Nikajiambia: picha za kila mwaka zisingemwokoa kaka, kwa hiyo neno langu halikumuua. Nikalala vizuri siku kadhaa.

Kisha nikaletewa kijikaratasi cha elimu ya afya nikifasiri. Mlikuwa na sentensi moja isemayo kwamba eksirei ya kifua haipendekezwi kwa kuwachunguza watu wasio na dalili ili kuitafuta saratani ya mapafu. Nikakwama kwenye kitenzi. Lugha yetu ni tajiri, lakini hapa imeyatia mambo mawili katika kapu moja. Twasema "kupima" na "kuchunguza" kwa mgonjwa anayetafutiwa jina la maradhi yake. Twasema vilevile "kupima" na "kuchunguza" kwa mtu asiyesikia maumivu yoyote, aliyeitwa pamoja na wenzake mia, ili itazamwe kama yumo miongoni mwao mwenye maradhi yaliyojificha. La kwanza ni kumfungulia aliyebisha hodi. La pili ni kupita mlango kwa mlango kuwagongea waliolala. Wakubwa wa afya huliita hili la pili "uchunguzi wa awali", nami naliheshimu jina hilo, ila msikiaji wa kawaida hudhani awali maana yake ni hatua ya kwanza ya lile la kwanza. Nilipendekeza "kuchekecha". Mhariri akacheka, akasema watu si unga.

Usiku ule, nikilitafutia neno, ndipo hati yangu ya kuachiwa huru ilipochanika. Maelfu wote wale wa London, wa Minnesota na wa kwingineko walikuwa wamelala, wakagongewa. Kaka yangu hakuwa amelala. Alikuwa akikohoa. Alikuwa amesimama mlangoni akibisha hodi, naye alistahili kufunguliwa, si kuchekechwa. Hesabu zote nilizojifariji nazo hazikumhusu.

Nikatafuta hesabu yake yeye, nikaipata. Walioyapitia maandishi ya utafiti juu ya watu wenye dalili wamekuta kwamba eksirei ya kifua huionyesha saratani ya pafu kwa watu wanane hivi katika kila kumi walio nayo. Wawili waliobaki hurudi nyumbani na picha safi. Mmoja wa wawili hao nilimpa hirizi kwa mkono wangu.

Sisemi angepona. Miezi kumi na mmoja si miaka kumi, na saratani ya pafu ni kali hata ikikutwa mapema. Ninachojua ni kwamba mstari wa pili wa ile karatasi uliandikwa kwa ajili yake, nami niliuacha kwa sababu ulikuwa unaharibu urari wa sentensi yangu. Mfasiri wa ushairi huweza kuacha neno ili kuokoa wizani, na wasomaji wakamsamehe. Mfasiri wa karatasi ile hakuwa na ruhusa hiyo.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kolo pamoja na mtoto wa kwanza wa kaka, kijana ambaye naye alikwisha kuanza kufuata njia ya Mererani. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, lakini wenyeji waliijua na kuiheshimu tangu zamani, na baadhi ya miamba hiyo ingali mahali pa kuombea mvua na kutafutia tiba. Tulipanda hadi chini ya mwamba mmoja mashuhuri, wenye watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa vya ajabu, mmoja amesimama kati na wengine pande mbili wamemshika mikono. Mary Leakey, aliyeinakili michoro hii mwaka 1951, aliona hapo mtu anayenyang'anywa. Wengine baada yake wameona ngoma, wengine uganga. Kijana akaniuliza, "Baba mdogo, ukweli ni upi?" Nikamjibu kwamba mchoraji aliacha mistari, na kila mmoja aliisoma kwa kile alichokwenda nacho. Kisha nikaona haya. Nikaketi pale chini ya mwamba, nikamweleza habari ya karatasi ya baba yake, mstari wa kwanza na wa pili. Hakuwahi kuisikia. Hakuna aliyewahi kuisikia, ila mimi.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Tuliposhuka alinishika mkono penye mawe yanayoteleza, wala hakusema neno mpaka tulipofika barabarani.

Mwaka jana alikuja kwangu jioni, saa ile ile aliyokuja baba yake, na bahasha mkononi. Siku hizi filamu ni chache. Yeye aliletewa picha kwenye diski na karatasi ya majibu. Alikuwa amekohoa kwa wiki tano. Kifua kikuu hakikuonekana katika picha, wala katika makohozi. Akasema, "Baba mdogo, nisomee."

Niliweka miwani, nikasoma kwa sauti, kwa Kiingereza kwanza ili masikio yangu yasikie yote, kisha kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila ya kupendezesha kitu. Mistari ilikuwa mitatu. Nilipomaliza nilimweleza kwamba picha hii imeulizwa swali moja, juu ya kifua kikuu, nayo imelijibu. Juu ya mengine haikuulizwa vya kutosha, na kunyamaza kwake tusikuite jibu. Nikamwambia kwamba akikohoa damu, akipungua mwili, akipata maumivu ya kifua yasiyokwisha au sauti ikimkauka, asingoje siku ya kurudi aliyoandikiwa. Nikamwambia aache sigara usiku huo, kwa maana uhusiano wa sigara na saratani hii ulithibitishwa tangu Richard Doll na Austin Bradford Hill walipoyatoa matokeo yao huko Uingereza mwaka 1950, na hakuna mashine iliyokwisha kubuniwa yenye kuokoa mapafu mengi kuliko kuacha. Akatabasamu, akasema hotuba imekuwa ndefu. Nikamjibu kwamba baba yake nilimpa fupi.

Akaniomba kalamu. Nyuma ya bahasha akaandika, kwa mwandiko wake mwenyewe, tarehe ya kurudi hospitali na zile dalili nne nilizomtajia. Kisha akaniomba niyasome aliyoyaandika, nione kama kuna lililosahaulika. Nikayasoma mara mbili. Halikuwepo.

Tarehe ilipofika tulipanda basi la alfajiri, mimi na yeye, kwenda Dodoma.